Mhariri, tuwekeeni kona ya mboga za msimu

Mhariri, habari za kazi.

Mimi ni mama wa genge hapa Dodoma, huu ni mwaka wa 14 nauza mboga na matunda mtaa uleule, na gazeti lenu nalisoma karibu kila siku maana kuna mteja wangu mmoja mtu mzima akishamaliza kulisoma asubuhi ananipitishia, basi mi nalisoma lote mpaka matangazo ya zabuni. Kila siku naona mmetuwekea dola imefika shilingi ngapi, msimamo wa ligi, bei ya petroli ikibadilika mnatuwekea, na ni vizuri kabisa. Ila sijaona hata siku moja mmeandika kwamba wiki hii mgagani umeanza kutoka, machungwa ya Muheza yameingia, nyanya ya Ilula imeshuka, majani ya kunde sasa hivi ni laini. Ndo nimeandika kuwaomba hiyo nafasi, hata iwe ndogo kama ya ratiba ya mechi, na naomba mnivumilie nieleze kwanini, maana hili naliona ni jambo la afya za watu wetu.

Nianze na nyumbani kwangu. Mwaka juzi binti yangu alikuwa na ujauzito wa mtoto wa kwanza, akaenda kliniki wakampima wakamwambia kiwango cha damu ni 8.6, na mjamzito inatakiwa isishuke chini ya 11. Wakampa vidonge vya fefo, vile vya kuongeza damu, wakamwambia ale mboga za majani, akarudi nyumbani na karatasi yake. Mi nilikaa chini. Nikasema huyu mtoto amekulia gengeni, amelala juu ya magunia ya mchicha akiwa mchanga, leo anapungukiwa damu? Nikaanza kumwangalia anakulaje. Asubuhi chapati na chai ya rangi, mchana wali maharage na chai ya rangi tena hapohapo anashushia, usiku ugali na dagaa, mboga ya majani anaweka kijiko kimoja pembeni ya sahani kama pambo, tena mboga yenyewe imechemshwa maji yakamwagwa, ikakaangwa mpaka imekuwa nyeusi. Alafu vile vidonge anamezea chai!

Kuna nesi ananunua mboga kwangu, nikamweleza. Akaniambia mama, majani ya chai yana kitu kinachoshika madini ya chuma tumboni yasiingie mwilini, kwahiyo chai isogezwe mbali na chakula, saa moja au mbili hivi, na vidonge vile amezee maji. Akaniambia tena kwamba madini ya chuma yaliyo kwenye majani hayaingii mwilini kirahisi kama ya kwenye nyama au dagaa, yanataka yasaidiwe na vitamini C, yani ndimu, chungwa, pera, embe, kitu kichachu au tunda bichi palepale kwenye mlo. Mi nimeuza ndimu na mchicha meza moja miaka yote hiyo na sikuwahi kujua kama ni vitu vya kuliwa pamoja.

Ilikuwa Februari, mvua imekolea, genge limejaa mgagani, mlenda, majani ya maboga, majani ya kunde, vyote vya siku hiyohiyo. Tukageuza sahani. Mboga za majani zikawa nusu ya sahani, zimeungwa karanga, ndimu anakamulia juu wakati anataka kula, akimaliza anakula pera, chai yake anakunywa saa kumi jioni na hataki kuulizwa. Fefo hakuacha hata siku moja, hili nalisema kwa herufi kubwa kwa mama yeyote anayesoma hapa, MBOGA HAIONDOI VIDONGE ulivyopewa kliniki, inavisaidia. Baada ya miezi mitatu akapimwa tena, 11.2. Mjukuu wangu alizaliwa na kilo 3.1 na sasa hivi anakimbia, anatoboa nyanya za wateja kwa kidole.

Toka hapo nikawa kila nikisikia takwimu redioni natega sikio. Utafiti ule mkubwa wa afya wa nchi nzima wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila wanawake 100 wa miaka 15 mpaka 49, wanawake 42 wana upungufu wa damu. 42! Yani kwenye foleni ya watu kumi pale gengeni kwangu wanne hawana damu ya kutosha na wamesimama mbele ya mboga. Na watoto wa chini ya miaka mitano, 30 kati ya 100 wamedumaa, na Iringa ni zaidi ya nusu, Iringa hiyohiyo ambayo nyanya na vitunguu vya Ilula tunavipokea huku kwa malori. Najua udumavu una sababu nyingi, kuna maji machafu, kuna kuharisha, kuna mama kushinda shambani kutwa na mtoto ameachiwa uji mtupu, siwezi kusema ni mboga tu. Ila inauma kuona chakula kinapita mlangoni kwetu kinapanda lori na mtoto anabaki na ugali na chumvi.

Sasa tatizo la kwanza naloliona ni aibu. Watu wetu wameaminishwa kwamba mboga inayoota yenyewe na mvua ni mboga ya shida. Mi ni Mgogo, nimekua kwa ugali wa uwele na mlenda, na nakumbuka siku moja shemeji yetu alitoka Dar bila taarifa, mama yangu akaona gari limesimama, akachukua chungu cha mlenda haraka akakisukuma chini ya kitanda, akamtuma mdogo wangu akakimbize kuku. Shemeji alikaa masaa mawili anasubiri huyo kuku aive na njaa yake, na harufu ya mlenda wa karanga imejaa nyumba nzima, mwisho akauliza mwenyewe jamani si kuna mlenda humu. Aliula wote. Mama alifurahi ila mpaka leo ukimwambia andaa mgeni hatoi mlenda. Na watoto shuleni wanataniana, wewe unakula mlenda, wewe unakula mgagani, mtoto anarudi nyumbani anasema hataki tena. Kwenye harusi zetu angalia, pilau, nyama, chipsi, soda, majani yapo wapi? Kabeji mbichi kidogo yenye karoti juu juu, basi.

Wakati huohuo pale Tengeru, Arusha, kuna kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimekaa miaka mingi, watu wamesoma mpaka mwisho, wanakusanya na kutunza mbegu za mboga hizihizi za asili, mgagani, mnavu, mchicha wa kwetu, kwenye vyumba vya baridi kama dhahabu. Wanajua thamani yake. Mgagani na majani ya kunde na mchicha vina vitamini A ya kusaidia macho na kinga ya mwili, vina chuma, vina kalisi ya mifupa, vina ile foleti inayotakiwa kwa mama hata kabla hajajua kama ana mimba. Na nyuzinyuzi zinazosaidia choo, na madini ya potasiamu yanayosaidia presha isipande. Bibi yangu hakujua hata jina moja kati ya hayo lakini hakupika mlenda bila karanga za kutwanga, na nimeambiwa ile vitamini A ya kwenye majani inataka mafuta kidogo ndo iingie mwilini, kwahiyo alikuwa sawasawa kabisa. Pwani wao wanatia nazi kwenye kisamvu na matembele, ni jambo lilelile.

Niseme na la mfukoni maana najua watu wataniambia mama unaongea, hela iko wapi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Mi nilichukua mizani ya jirani yangu wa duka la nafaka nikapima mafungu yangu. Mwezi wa pili fungu la mgagani la shilingi 300 lilikuwa na gramu 420, nikitoa vijiti inabaki kama 300 ya kupika. Mwezi wa kumi fungu la shilingi 300 hilohilo, gramu 160. Wateja wanadhani bei ya mboga haipandi kwasababu kila siku ni mia tatu mia tatu, kumbe fungu ndo linapungua, mi nalifunga mwenyewe najua, mkononi nashika vidole vinakutana. Mwenye familia ya watu watano anaenunua mafungu mawili mwaka mzima, kiangazi anakula chini ya nusu ya anachokula masika na hajui. Kwahiyo msimu ndo wakati wa maskini kula vizuri kuliko tajiri, ndo wakati wa kujaza sahani, na huo ndo wakati watu wanaukimbia kwasababu mboga imekuwa nyingi imeonekana ya kawaida.

Na sio bei tu. Jani likishachumwa linaendelea kupumua, linajila lenyewe, likikaa siku mbili tatu kwenye joto vitamini C nyingi inakuwa imeondoka hata kama macho yanaona bado ni kijani. Mgagani wa masika hapa unachumwa alfajiri pembeni ya mji, saa mbili uko mezani kwangu una umande, saa sita uko kwenye sufuria. Chainizi au karoti ya mbali imelala njiani, imelala sokoni, imelala kwangu chini ya gunia la maji. Sisemi usile, mi mwenyewe nauza na kiangazi mboga za kumwagilia za Hombolo ndo zinatuokoa, nasema kama vyote viwili vipo mbele yako chukua kile kilichochumwa leo.

Kitu kingine kinachoniumiza ni hizi mboga zinazokatwa asubuhi zinawekwa kwenye mifuko zinauzwa jioni. Naelewa, mtu anatoka kazini amechoka, anataka kitu cha kutia sufuriani moja kwa moja, mi pia nilikuwa nakata nikaacha. Jani likikatwa vipande vidogo linapoteza haraka sana, alafu wengi wanaosha baada ya kukata, maji yanakuwa ya kijani, yale ya kijani ndo ulikuwa unayafuata ukayamwaga. Osha jani zima kwa maji safi yanayotiririka, alafu kata, tena kata makubwa. Kaanga kitunguu na nyanya kwanza viive, mafuta kidogo, tia mchicha, funika dakika tatu nne, geuza mara moja, epua ukiwa bado kijani na unang'aa, ndimu mwishoni ukishaepua maana moto unaua vitamini C. Karanga kama zipo utazitia pamoja na nyanya zichemke vizuri. Watoto wangu ambao walikuwa wanachagua chagua, walivyoona mchicha wa kijani badala ya ule mweusi wakawa wanaongeza.

Ila isije ikawa mtu amenisoma nusu akapika kisamvu dakika nne. Kisamvu ni kitu kingine, kina sumu ya asili ambayo lazima kitwangwe na kichemke muda mrefu sufuria ikiwa wazi, hapo hakuna haraka. Mnavu nao wengi wanamwaga maji ya kwanza kwasababu ya uchungu na ni sawa. Na magadi jamani, najua yanalainisha mlenda na maharage yanaiva haraka, lakini magadi yanakula vitamini, C na zile za B, kwahiyo kama huna budi tia kidogo sana, na majani ya kunde machanga ya msimu hayahitaji magadi kabisa, ndo uzuri wake, ni laini yenyewe.

Huku kwetu mvua ni moja, inaanza Desemba inaisha Aprili, baada ya hapo ni vumbi mpaka mwaka unaisha. Wazee walilijua hili ndo maana mboga za masika zilikuwa zinakaushwa. Wagogo tunakausha mlenda na majani ya kunde, Wasukuma wana nsansa yao ya majani ya kunde, wana michembe yao ya viazi, kila kabila la sehemu kavu lina akili yake hiyo. Nakumbuka bibi alikuwa anaanika ndani, juu ya ungo, kwenye kibanda kilichoezekwa nyasi, upepo unapita lakini jua halifiki, na alikuwa mkali sana ukitoa ungo nje. Tulidhani ni mambo yake ya kizee. Siku hizi watu wanaanika juu ya bati jua kali, mboga inakauka kwa siku moja, inatoka rangi ya majani ya tumbaku, na kule kupoteza ukijani ndo alama kwamba vitamini A imechomwa na jua. Nimeuliza kwa afisa lishe wetu akasema bibi alikuwa sahihi, kivulini ndo penyewe, na ukiichovya kwanza kwenye maji ya moto yanayochemka kama dakika moja alafu ukaanika kivulini imefunikwa na kitambaa chepesi, inabaki kijani na vumbi na nzi hawaingii. Mi nimefanya miaka miwili sasa. Aprili nafunga ndoo tatu, mwezi wa tisa nauza kipimo cha kikombe na wateja wa maofisini wanakuja kuuliza.

Alafu angalieni Mungu alivyopanga, majani yakianza kupungua mwezi wa sita ndo machungwa ya Muheza yanaingia kwa wingi, na porini ubuyu unakauka tayari kwa kuvunjwa, na ukwaju. Ule unga mweupe wa ubuyu una vitamini C nyingi sana, unaukoroga kwenye maji au uji wa mtoto basi. Sio ule ubuyu mwekundu wa sukari na rangi jamani, huo ni pipi. Na ukwaju mi nautumia badala ya nyanya nyanya zikiadimika, unaloweka unakamua unatia kwenye mchuzi, uchachu unapatikana na hela inabaki.

Hapo kwenye nyanya naomba nikae kidogo maana watu wananitukana gengeni kwa ajili ya nyanya. Nyanya inatakiwa mwaka mzima, mteja hataki kusikia habari ya msimu. Mvua zikikolea nyanya inashambuliwa na ukungu, mkulima analala na bomba la dawa mgongoni, kiangazi mdudu kantangaze anaingia anatoboa majani na matunda, bomba tena. Kila dawa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuchuma, zimeandikwa kwenye kopo, lakini bei ikiwa tenga moja linalipa ada ya mtoto, mkulima atasubiri? Nimepokea matenga ambayo nyanya ina madoa meupe ya unga kabisa, ukipitisha kidole unaandika jina. Mara mbili nimemrudishia mtu mzigo wake tukagombana, akaenda kuuza kwa mwingine. Simlaumu mkulima peke yake, sisi wateja ndo tunalazimisha nyanya iwepo siku zote na iwe kubwa na iwe nyekundu. Kama umepata ya wakati usio wake, ioshe kwa maji yanayotiririka ukiisugua kwa mkono moja moja, sio kumwagia maji beseni zima, na tumia mbili badala ya tano. Ikiwa msimu wake, nyanya ya Ilula imejaa na bei imelala, kula, pika rojo, na nyanya hata ikiiva kwenye mafuta haiharibiki yote, kile kinachoipa wekundu wake mwili unakipokea vizuri zaidi ikiwa imepikwa.

Kuhusu matunda nitasema moja tu. Embe likiingia Novemba mpaka Januari watu wanafurahi, wanatengeneza juisi, wanatia sukari! Embe la msimu lililoivia mtini linahitaji sukari? Kula embe, acha jagi. Ukilikamua ukachuja nyuzinyuzi unazitupa, kinachobaki ni maji ya sukari na unakunywa maembe manne kwa dakika moja wakati kuyala usingemaliza mawili. Mwenye kisukari naye asidanganywe kwamba tunda halina sukari, ale kipande, ale pamoja na chakula, na amsikilize daktari wake.

Na hawa wanaouza unga wa majani mitandaoni. Juzi mteja wangu kaniletea kopo la unga wa kijani, kalinunua elfu sitini, limeandikwa linaondoa presha, kisukari, ngiri, uzazi, kila kitu. Nikasoma ndani, mlonge. Mlonge upo nyuma ya choo cha jirani yangu, anaukata kuni! Mlonge ni mboga nzuri sana, majani yake machanga nayauza masika, lakini ni mboga, sio hospitali. Yule mama alikuwa ameacha dawa zake za presha wiki mbili. Nilimshika mkono tukaenda wote kupima, ilikuwa juu ya 180. Ndo maana nasema watu wana njaa ya habari hizi, na kama magazeti hayaziandiki watapewa na wauza makopo.

Kwahiyo Mhariri ombi langu ni hili. Kila Ijumaa, maana wengi wanaenda sokoni Jumamosi, tuwekeeni kona. Muulizeni mtu wa Majengo hapa Dodoma, wa Mabibo Dar, wa Mawenzi Morogoro, wa Kilombero Arusha, wiki hii kimeingia nini, kimetoka wapi, bei gani. Bei ya tenga na bei ya fungu, na kama inawezekana fungu limepimwa, maana bila mizani bei ya fungu haina maana, nimeshaeleza. Kila halmashauri ina afisa lishe, mpeni mistari mitatu aseme mboga hiyo ya wiki inapikwaje isiharibike na inafaa nani zaidi, mjamzito, mtoto aliyeanza kula, mtu wa presha. Afisa lishe wetu hapa ni binti mdogo, anazunguka kwa bodaboda kata zote, mara ya mwisho alifundisha akina mama wanane chini ya mwembe. Gazeti lenu linasomwa na watu wangapi kwa siku? Mi nakala moja tu inasomwa na watu sita, mwenyewe aliyenunua, mimi, fundi cherehani, vijana wawili wa bodaboda, na mwisho muuza karanga anafungia karanga na yeye anasoma kabla hajakunja.

Na mkianza msiandike parachichi na zabibu peke yake kwasababu ndo zinaenda nje. Zabibu za Dodoma tunazipenda, zinavunwa mara mbili kwa mwaka ziandikeni, parachichi za Njombe na Rungwe ziandikeni, lakini na mgagani uwekwe hapohapo kwa herufi za ukubwa uleule. Mtoto akiona mgagani umeandikwa kwenye gazeti hatamtania mwenzie.

Kama mtakubali mi niko tayari kuwa natuma ya kwetu kila Alhamisi jioni nikifunga genge, bila malipo, kwa meseji. Na naanza na ya leo, katikati ya Januari. Mgagani umeingia juzi, bado haujatoa maua, fungu 300 na ni kubwa, ukiona una maua meupe uache umeshakuwa mchungu. Mlenda pori upo asubuhi tu, saa nne unakuwa umeisha. Majani ya maboga yapo, chagua yenye nywele laini, menya uzi wa kwenye kikonyo. Majani ya kunde nategemea wiki ijayo mvua ikiendelea. Embe ndo zinaaga, dodo zimebaki chache, 500 moja. Nyanya ni ghali na sio nzuri wiki hii, tumieni ukwaju.

Mama Genge,
Dodoma